Sura ya Sita: Mivukuto ya Mjane Mdogo

Bi Time alifungua mlango macho mekundu na sauti imemkauka kwa kulia. Hata hivyo, Ghalia alipovua buti zake mpya pale kizingitini, mwanamke yule aliinama, akaokota moja, akaingiza kidole ndani na kulipeleka mwangani.

"Umenunua wapi?"

"Thornton Heath, Bi Time. Pale high street, penye maduka."

"Umetazama ndani?"

"Nimetazama."

"Hii ng'ombe," Bi Time alitoa hukumu, akalirudisha chini. "Haya pita, mwanangu. Nisamehe. Mazoea."

Ghalia hakuona ajabu. Akina mama wa Unguja na Pemba waliohamia London walikuwa na ada hiyo, na marehemu mama yake ndiye aliyekuwa bingwa wao. Mbele ya muuzaji aliyekodoa macho, alikuwa akiunyanyua ulimi wa kiatu na kutafuta vitundu vya vinyweleo. Vya ng'ombe hutawanyika ovyo. Vya nguruwe hukaa vitatu vitatu, kifungu hapa, kifungu pale. Usichanani Ghalia alitamani ardhi ipasuke immeze. Leo alikuwa mtu mzima mwenye ofisi yake ya upelelezi, chumba kimoja juu ya duka la nyama, na viatu alivinunua vile vile.

Sebule ya Bi Time, ghorofa ya tatu hapo Edmonton, ilikuwa na baridi ya Novemba. Hakuwa amewasha hita tangu Alhamisi, siku ambayo mumewe, Abdulsamad Miraji, alitoka asubuhi kwenda kazini na asirudi. Leo ilikuwa Jumamosi. Polisi walimsikiliza, wakaandika, wakamwambia kwamba mtu mzima ana haki ya kwenda atakako.

"Na huyo Albert anasemaje?" aliuliza Ghalia. Albert ndiye mwenye karakana alikofanyia kazi Abdulsamad.

"Nilimpigia simu. Anasema mume wangu kenda Rotterdam. Kachukua paspoti yake, kapanda meli ya usiku. Anasema kuna mwanamke huko." Bi Time alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Na kweli, kabla hajanioa alikaa na Mholanzi. Hakunificha. Ndiyo maana neno la Albert limenikaa kama mwiba."

"Paspoti ilikuwa wapi?"

"Ndani ya koti. Hatoki bila paspoti. Sisi tuliofukuzwa kwetu hatuziachi karatasi nyumbani."

Basi paspoti haikuthibitisha lolote. Ghalia alikuwa keshafuata kesi nyingi za waume waliotoweka, na nyingi ziliishia kwenye kitanda cha watu. Alijiandaa kuamini kwamba hii nayo ni ileile. Ndipo Bi Time alipoinuka, akafungua friji, akatoa kifuko cha kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe.

"Sindano zake za insulini. Zote zimo. Tangu aanze kujidunga hajapata kulala nje bila ya kifuko hiki, hata tulipokwenda Leicester kwenye harusi. Akikosa siku mbili, tatu, sukari inampanda mpaka hajui yuko wapi. GP, daktari wetu, alisema siku moja hataamka." Akakisukuma mikononi mwa Ghalia. "Chukua. Ukimkuta, mpe. Na kama kaoa, kaoa. Nitampikia biriani huyo mke mwenzangu kwa mikono yangu hii. Mradi yu hai. Umenisikia, Ghalia? Mradi yu hai."

Ghalia alikipokea. Kilikuwa baridi.

"Nieleze kazi yake ya mwisho," alisema.

Abdulsamad alikuwa fundi wa vinanda vya mtaani vya Kiholanzi. Ni masanduku makubwa kama kabati la bibi harusi, yaliyopakwa dhahabu na kujaa sanamu, ambayo watu wa huko huyakokota barabarani kwa magurudumu. Mmoja huzungusha gurudumu na mivukuto ndani ikapumua. Kitabu cha kadibodi kilichotobolewa matundu hupita mbele ya vijiti, na kila tundu huipa filimbi yake ruhusa ya kulia. Kila kinanda kina jina lake kama khanga. Abdulsamad aliijua kazi hiyo tangu ujana, alipoteremka melini Rotterdam hana nchi ya kurudi, na mjane mmoja akamwajiri amzungushie gurudumu. Kinanda cha yule mama kiliitwa Mjane Mdogo.

"Jumatano alirudi kanuna," alisema Bi Time. "Hakula. Akaniambia, mke wangu, kile kinanda cha Albert nimekwangua rangi ya mbele, na chini yake kuna jina jingine. Ni Mjane Mdogo. Kiliibiwa mwaka juzi kwenye banda la watoto wa yule mama. Akasema, kesho namwambia Albert sikitii mkono mpaka kirudi kwa wenyewe."

"Kilikuwa kimebaki nini?"

"Mivukuto. Ngozi ya zamani keshaibandua yote. Mpya ndiyo kwanza alikuwa aende akaichukue kwa mchinjaji wake. Kondoo, tena huuliza kachinjwa na nani." Bi Time alitabasamu kidogo katikati ya machozi. "Hata gundi ya mifupa hatumii, anasema hajui mifupa ya nani. Anatumia ya samaki. Nguo zake zinanuka kama kuli wa soko la Malindi."

* * *

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la magazeti, kwenye ua ambao zamani ulikuwa gereji ya magari. Kabla hajafika langoni Ghalia aliusikia muziki, waltz, dansi nene ya Kizungu yenye kengele na ngoma, ukipanda juu ya kuta. Aliingia dukani kwanza. Ni kanuni yake. Ukitaka habari za nyumba, usianze na mwenye nyumba.

Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyevaa sweta juu ya sari, alimtazama mara mbili. "Wewe ni mtu ya Zanzibar? Mimi Kokila. Sisi ni watu ya Kisumu. Unatafuta mzee Abdulsamad, eh? Yeye huchukua gazeti hapa kila asubuhi. Alhamisi alichukua. Ijumaa, hapana."

"Alhamisi jioni ulimwona akitoka? Na mzigo? Na teksi?"

"Mimi nakaa hapa kwa dirisha mpaka saa mbili ya usiku. Ile lango iko hapa mbele ya macho yangu. Mzee aliingia. Kutoka, mimi sikuona." Kokila akainama juu ya kaunta. "Na hii kelele! Mbeleni, mtu akiingia pale, wanazima kinanda ndio waongee. Siyo? Sasa ni kinyume. Kimya, kimya, halafu postman akiingia tu, inaanza. Mtu wa gesi akiingia, inaanza. Wakienda, inanyamaza. Hii ni biashara gani?"

"Saa hii nani yuko ndani?"

"Postman alipita na parcel sasa hivi."

Na kweli, tarishi alitoka langoni akiburuta kigari chake. Haikupita muda, waltz ikakatika. Ghalia alisimama akisikiliza ule ukimya.

"Bi Kokila, mimi naingia. Sitakaa sana."

"Rajesh, bwana yangu, yuko juu," alisema Kokila. "Kama kuna kitu, wewe piga kelele."



* * *

Ghalia alisukuma lango. Kiatu chake kilipogusa changarawe tu, ndani ya karakana mota iliyofungwa mahali pa mzungusha gurudumu ilinguruma na kinanda kikaanza tena.

Albert alimlaki mlangoni. Mwanamume mnene, wa miaka hamsini hivi, mashavu mekundu, mfanyabiashara wa samani kuukuu tangu ujana wake. Kiingereza chake tunakigeuza hapa, ukiacha matusi, maana hayo hayageuki.

"Wewe ndiye uliyetumwa na mkewe? Pole zangu kwa mama wa watu," alisema kwa kupaza sauti juu ya muziki. "Mimi nilimwonya Sam. Nilimwambia, uzeeni mwanamke wa pili ni maradhi."

"Tunaweza kuzima hicho?" Ghalia naye alipaza sauti.

"Haiwezekani! Ngozi mpya lazima ifanyishwe kazi ilainike. Mnunuzi anakuja kesho kutoka Antwerp."

Ghalia aliingia. Kinanda kilijaza nusu ya chumba juu ya mkokoteni wake wa magurudumu manne, sanamu za mabibi zikigonga kengele na kugeuza shingo. Upande wa kushoto kitabu cha kadibodi kilifunguka kunjo kwa kunjo, kikipita na kujilaza upya upande wa kulia. Juu ya uso wa mbele, mahali pa jina, palikuwa na rangi mbichi ya buluu.

"Alhamisi alifanya nini hasa?" aliuliza.

"Alimaliza mivukuto. Nilikaa naye hapa hapa. Saa kumi na mbili akaniaga, teksi ikamngoja langoni, huyo akaenda zake bandarini Harwich."

Uongo wa kwanza, alihesabu Ghalia moyoni. Kokila hakumwona akitoka. Lakini dirisha la duka si ushahidi. Mtu huenda msalani, mtu hugeuka kupima pipi. Akaomba kuona mivukuto. Hakuwa na shabaha kubwa. Alitaka kupata nafasi ya kuzunguka chumba.

"Tazama mwenyewe!" Albert alimfungulia mlango wa nyuma wa kinanda kwa fahari. "Kazi yake ya mwisho. Hakuna fundi kama yule London nzima. Mkono wake mwenyewe, wallahi, kama anavyoapa yeye."

Ghalia alipiga magoti. Mbele yake mivukuto ilipanda na kushuka, ikipumua kama mgonjwa. Alitarajia harufu ya samaki, hakuipata. Alisikia harufu nzito ya mifupa iliyochemshwa. Akasogea. Ngozi ilikuwa ya rangi ya asali, na kila mivukuto ilipopanda, mwanga wa taa uliipitia juu. Akaona vitundu. Vitatu. Kando kidogo, vitatu. Kando tena, vitatu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku zote Ghalia alidhani atakayefika mwisho wake ni mwongo peke yake. Hakujua kwamba na yeye atakuwa amesimama pale pale, hana pa kupita.

Abdulsamad hakuigusa ngozi hii. Mtu anayemhoji mchinjaji kwa kondoo mmoja hawezi kushinda siku nzima akibandika nguruwe. Mivukuto ilivikwa na Albert, kwa vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye viti vyake vya kuuza. Basi Alhamisi fundi hakufanya kazi. Na kama Albert alijua kwamba Alhamisi fundi hakufanya kazi, na bado anasema alimwona akiifanya kwa macho yake, basi anajua fundi alikuwa wapi badala yake.

Alijikaza kisabuni, akainuka, akapangusa magoti.

"Kazi safi," alisema. "Ni yeye, hakuna shaka?"

"Kila kipande. Nilimwona."

"Basi nadhani nitamwambia mkewe aanze kumsahau."

Uso wa Albert ulilegea. Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Ghalia kuliko yote, maana lilikuwa la mtu aliyetua mzigo. Funika kombe mwanaharamu apite. Hatua chache hadi mlangoni, changarawe, lango, Kokila. Alianza kutembea polepole.

Kitabu kikafika mwisho. Ukurasa wa mwisho wa kadibodi ulipita, ukajilaza juu ya wenzake, na filimbi zote zikakata kwa pamoja. Albert aliruka kwenda rafuni kuchukua kitabu kingine. Alikuwa mwepesi ajabu kwa mwili ule.

Hakuwa mwepesi vya kutosha. Katika pengo lile dogo la ukimya, chini ya mota iliyovuma, Ghalia alisikia kitu kikigonga. Ko. Ko. Ko. Kilitoka chini, chini kabisa ya magurudumu ya mkokoteni, mahali palipotandikwa mbao.

Gereji. Ghalia alikumbuka. Kila gereji ya zamani ina shimo la fundi kusimama chini ya gari.

Zile ngoma za waltz, zile kengele, kuanza kila aingiapo mtu, vyote vilikuwa vya kufunika mlio huu. Na huyo aliye chini, ambaye aliijua ile nyimbo kunjo kwa kunjo, alikuwa akihesabu mwisho wake gizani, akiziweka akiba nguvu zake kidogo kwa ajili ya pengo lile tu.

Albert alisimama na kitabu mikononi. Walitazamana.

"Panya," alisema Albert.

"Majengo ya zamani," alisema Ghalia, na sauti yake ikamsaliti katikati.

Albert alipachika kitabu. Muziki ukalipuka upya, ngoma ya maandamano safari hii, kubwa kuliko ya kwanza. Kisha akaenda mlangoni, taratibu, akasukuma komeo. Aliporudi alikuwa na kisu cha kukatia ngozi, kile cha umbo la mwezi mchanga. Alilia. Ghalia aliona machozi yakimtiririka juu ya mashavu mekundu, na hakumwonea huruma hata chembe.

"Kesho ningemtoa! Mnunuzi akiondoka tu! Nampa maji, nampa na mkate! Mimi si muuaji!"

"Ana sukari!" Ghalia alipiga ukelele. "Kesho utatoa maiti!"

Hakuna aliyewasikia. Hata wao wenyewe walisikiana kwa shida. Ghalia angeweza kupiga kelele mpaka koo lipasuke, na Kokila kule dukani angenung'unika tu juu ya kelele za kinanda. Ghalia alirudi nyuma, mgongo ukagonga kinanda, na mtetemo wa filimbi ukampita kwenye mbavu. Albert alisogea. Mkono wa Ghalia ulipapasa kando yake juu ya meza ya fundi, ukagusa mbao, ukagusa chupa, ukagusa msumari mrefu wenye mpini ambao Abdulsamad hutobolea ngozi.

Mbele yake alikuwa na mtu mwenye kisu. Nyuma yake, mlango wa kinanda ungali wazi. Alichagua nyuma.

Aliuzamisha ule msumari kwenye ngozi ya nguruwe na kuuvuta kwa uzito wake wote. Gundi mbichi ikaachia, ngozi ikapasuka toka pembe hadi pembe. Mjane Mdogo alitoa mgumio mrefu wa mnyama anayechinjwa, filimbi moja baada ya nyingine zikishuka, zikipinda, zikifa. Mabibi wa kengele waliganda mikono juu. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Albert alisimama pale pale na kutazama kinanda chake, mdomo wazi.

Ndipo Ghalia alipopiga ukelele. Hakuita jina wala hakusema neno. Alipiga tu.

Kokila alisimulia baadaye, kwa polisi na kwa kila mteja aliyenunua maziwa, kwamba ukelele wenyewe hata hakuungoja. Ulikuwa ule ukimya. Kinanda hakijapata kunyamaza mtu akiwa ndani. Rajesh alikuwa keshafika langoni na fimbo yake ya hoki ya Kisumu, na tarishi, aliyekuwa bado mtaani, nyuma yake, walipousikia. Komeo lilikuwa kuukuu. Albert aliangusha kisu kabla hajaguswa, akaketi sakafuni, akajifunika uso.

Watatu waliusukuma mkokoteni. Haukwenda. Wakausukuma tena, Kokila naye akaweka bega na sari yake, na magurudumu yakabingirika. Ghalia aling'oa mbao kwa kucha.

"Bwana Abdulsamad!"

Hakujibiwa. Aliita tena. Alikuwa akisali sasa kwa sauti, maneno ya utotoni, yasiyofuatana. Tumechelewa, alifikiri. Nguvu zake za mwisho alizimaliza kwa kunigongea mimi, na mimi nilikuwa nikienda mlangoni. Akarukia ndani ya shimo.

Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya gunia, midomo imepasuka, mkononi nyundo ndogo ya kupigia misumari ya ngozi. Pumzi yake ilinuka utamu mbaya, kama tunda lililooza. Lakini pumzi ilikuwapo. Ghalia alimshika kichwa. Macho yakafunguka nusu.

"Nimesikia," alinong'ona Abdulsamad. "Mmemkata. Mmemkata Mjane wangu."

"Mivukuto tu, bwana. Ni mimi. Nisamehe."

"Ngozi gani?"

"Ya nguruwe."

Mzee alifumba macho. Ghalia alidhani amezimia. Kisha akaona kifua kikitikisika kidogo, na akatambua kwamba anacheka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi haikuwa yangu."

Juu, Kokila alikuwa akiwapigia kelele watu wa ambulensi kwenye simu. Ghalia alikitoa kile kifuko cha maua, akakiweka kifuani mwa mzee ili daktari akikute papo hapo. Vidole vya Abdulsamad vikaupapasa mshono, pole pole, vikaujua ni wa nani, vikaukamata. Havikuachia tena, hata machela ilipoteremshwa.

Ghalia alichukua simu yake ya mkononi. Akabonyeza nambari ya Edmonton. Upande wa pili ilipokelewa kabla haijaita vizuri, na hakuna aliyesema halo. Ilisikika pumzi tu, ya mwanamke aliyekaa karibu na simu siku zote hizo na sasa anaogopa kuuliza.

"Bi Time," alisema Ghalia. "Hakuoa."